Haipai. Sasa Tuongee

Wacha niseme mapema usimalize bando yako bure: haipai. Haijawahi kupaa, haitapaa, na aliyeiunda hajawahi hata kuota ipae. Ni modeli. Imeundwa ikae mahali watu waiangalie. Kama umekuja kujua ile ndege ya Bungoma imefika wapi angani, rudi tu kwa zile vidio za paka.

Mliobaki, vuteni viti.

Agosti mwaka jana niliweka vidio ya sekunde hamsini na nane. Mzee wa miaka sabini na kitu, nje ya nyumba yake upande wa Kanduyi, ameshika ndege ya kijani na kahawia, mabawa yanapita mita moja. Kichwa cha vidio niliandika hivi: MZEE WA BUNGOMA AUNDA NDEGE YA KIVITA!!! Alama tatu za mshangao, zote zangu. Na nilijua ninachofanya. Ningeandika "aunda modeli ya ndege ya kivita" ningepata watu mia nne, nusu yao mabinamu zangu wa Kiminini. Nikatoa neno moja tu, "modeli", nikapata laki mbili na nusu.

Hiyo ndiyo kazi yangu na siikani, chakula natoa huko. Lakini neno moja nililotoa limefanya mambo ambayo mwaka mzima sasa najaribu kuyarudisha nyuma, na nimechoka kunyamaza.

Komenti ya kwanza: "Inapaa?" Ya pili: "Inapaa ama ni pambo?" Halafu: "Weka mafuta tuone." Halafu ile ambayo lazima ije ukitaja Bungoma na ndege kwa sentensi moja: "Nani atang'ang'ania hii?" Mnakumbuka Mei 2016, mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma umeletwa Bungoma na helikopta, jamaa mmoja akashika vyuma vya chini, helikopta ikainuka naye, ikazunguka naye juu ya mji, mpaka akaachia karibu na uwanja wa ndege. Alipona. Tangu siku hiyo mtu wa Bungoma akitaja kitu chenye mabawa anachekwa kabla amalize kuongea. Sawa, hata mimi nilicheka wakati huo, nilikuwa mtoto.

Lakini mzee hakucheka. Mjukuu wake alimsomea komenti zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu watoto hawajui huruma. Nilipompigia kumwambia "kuka, umekuwa maarufu," akaniuliza swali moja: "Kwani uliwaambia inapaa?"

Sikuwa nimewaambia, kwa kweli. Nilikuwa nimenyamaza tu mahali ambapo nilipaswa kuongea. Mwenye kutengeneza kontenti anajua tofauti ya hizo mbili ni ndogo sana.

Sasa wacha niwaambie mlichokosa kuona, kwa sababu hii ndiyo sehemu inaniuma.

Ndege yenyewe ni Hawker Hurricane. Watu wote wanaimba Spitfire, Spitfire, kwa sababu Spitfire ni mrembo. Hurricane ndiye alikuwa mfanyakazi. Ilipaa mara ya kwanza Novemba 1935, mchoraji wake mkuu Sydney Camm, zikaundwa zaidi ya 14,000, na mwaka 1940 katika vita vya angani juu ya Uingereza ziliangusha ndege nyingi za Wajerumani kuliko Spitfire. Na usifikiri ni hadithi ya huko mbali. Waitaliano wakiwa wameshika Ethiopia na Somalia, marubani wa Afrika Kusini walirusha Hurricane kutoka ardhi hii ya Kenya, 1940 na 1941, jeshi la Jenerali Cunningham likivuka mpaka kwenda Kismayu, Mogadishu, hadi Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941. Ndege za aina hiyo zimekanyaga vumbi letu.

Nilimuuliza mzee kwa nini hakuunda Spitfire, ingepata watu wengi zaidi. (Ndiyo, nilimuuliza hivyo. Nimesema siikani kazi yangu.) Akaniambia nikalete ile ndege karibu, akagonga mkia kwa kidole. Ikalia kama ngoma ndogo.

Hurricane ya kweli, nyuma ya kiti cha rubani, haikuwa na ngozi ya bati. Ndani kulikuwa na mabomba ya chuma yaliyofungwa kwa pembetatu kama ubavu wa daraja, juu ya mabomba mbavu za mbao, juu ya mbavu fito nyembamba za kwenda mkiani, halafu kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Ndiyo maana ukiangalia picha zake unaona mistari inapita chini ya rangi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Risasi ilikuwa inaingia huku inatokea kule, fundi anashona kiraka, ndege inarudi kazini. Spitfire ngozi yake ilikuwa bati lililopindwa. "Spitfire nikitumia kitambaa nimedanganya," mzee akasema. "Hii nikitumia kitambaa nimesema ukweli."

Kwa hivyo ametumia mianzi aliyoipasua na kisu mpaka ikawa nyembamba kama njiti ya mishikaki, mbavu za mbao ya saipresi, na amerikani aliyoipaka gundi ya mbao iliyopunguzwa na maji, koti baada ya koti, ikikauka inajivuta yenyewe mpaka inakaza. Pua, ambayo kwa ndege ya kweli ilikuwa bati, ameitoa kwa kopo la mafuta ya kupikia, akaligonga juu ya gogo alilolichonga kwanza kwa umbo la pua. Mizinga minne ya mabawani ni vipande vya antena ya redio, vile vinavyoingiana, kwa sababu mzinga wa kweli pia ulikuwa mnene chini na mwembamba mbele. Magurudumu ni ndala. Kioo cha rubani ni chupa ya maji ya lita tano, iliyolainishwa juu ya jiko la makaa na kuvutwa juu ya kinyago cha mbao. Chupa sita ziliharibika. Nimeziona, amezitunza, anasema ni cheti chake.

Na kipimo. Hapa ndipo wengi wenu mngeanguka na mimi ningeanguka kabla yenu. Bawa kwa bawa Hurricane ilikuwa mita 12.19. Modeli ni sentimita 122. Urefu wa ndege karibu mita 9.8, modeli sentimita 98. Kila kitu kiko moja kwa kumi: kiti, usukani, ngazi ya kupandia, hata kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma juu ya kichwa cha rubani. Ana daftari la kurasa mia mbili, upande wa kushoto kipimo cha ndege, upande wa kulia kipimo cha modeli, mstari kwa mstari. "Niliachia darasa la saba, kijana. Kugawanya kwa kumi ni kusogeza nukta."

Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla karo inishinde, mnajua hiyo story, siirudii. Sisemi chuo ni bure. Nasema tu kwamba kwa hiyo miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kunifanya nielewe kosa dogo linavyokua. Mzee alinifanya nielewe na rula ya shule. Ukikosea milimita tatu kwenye modeli, umekosea sentimita tatu kwenye ndege, na mtu anayejua ndege ataliona kosa hilo kutoka mlangoni. Alibomoa bawa la kushoto zima kwa sababu lilikuwa limeinama kidogo kuliko la kulia. Wiki tano za kazi. Hakuna aliyemwona akilibomoa. Hakuna kamera.

Halafu rangi. Wajuaji wa komenti, mko wapi? Mliandika aibu. Ati mzee amepaka miduara ya mabawa vibaya, ati kila mtu anajua alama ya ndege za Uingereza ina nyekundu katikati, ati huyu ni wa kubahatisha. Mmoja aliweka na picha kumkosoa. Wacha niwape hii bure: kwa vita vya Burma ile nyekundu ilitolewa kabisa. Ndege za Japani zilikuwa na duara jekundu, na askari aliye kwenye tope na bunduki hana nafasi ya kuhesabu pete za duara linalopita juu yake kwa kasi. Akiona nyekundu anapiga. Kwa hivyo huko ndege za Uingereza zilipakwa bluu iliyoiva na bluu iliyopauka peke yake, na mistari mipana myeupe kwenye mabawa na mkia. Mzee amepaka hivyo hivyo. Mlikuwa mnamkosoa mtu aliyewazidi kwa kusoma.

Burma imetoka wapi? Imetoka kwa babake.

Babake alikuwa KAR. Kama nyumbani kwenu kuna mzee alikuwa KAR unajua hizi familia: kuna kopo la bati mahali, ndani kuna medali moja na karatasi imekunjika mpaka imekatika. Alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, mvua ikinyesha, walishuka Bonde la Kabaw, ambalo askari waliliita Bonde la Mauti kwa sababu malaria ilikuwa inaua kama risasi. Matope mpaka magari yanaachwa. Chakula kinatoka angani, mifuko inadondoshwa kwa miavuli. Hurricane zinapita chini chini juu ya miti kupiga mahandaki ya Wajapani yaliyoko mbele yao. Desemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo likajengwa daraja la kuelea la zaidi ya mita 300. Waruhiu Itote wa Nyeri alikuwa Burma pia, huyo tulikuja kumjua baadaye kama Jenerali China.

Mzee alikua akisikia mlio wa hiyo injini kutoka mdomoni mwa babake, jioni, akiuiga. Hiyo ndiyo sababu yote. Hakuna uvumbuzi. Hakuna ndoto ya kuwa rubani.

Sasa nisikizeni vizuri. Modeli ya mzee si ndege peke yake. Ndege imewekwa juu ya fimbo ya chuma, imeinama upande kidogo kama inageuka. Chini yake, kwenye ubao uliopakwa rangi ya matope, amesimama askari wa mbao. Sentimita kumi na saba, kwa sababu babake alikuwa wa mita moja na sabini. Kofia pana, bunduki begani, mkono mmoja umeshika kofia isipeperuke, uso umeangalia juu. Nilimuuliza mbona hajaandika jina la babake kwenye ubavu wa ndege, ingependeza, watu wangelia. Akaniangalia kama mtu aliyeniuzia ng'ombe nikauliza mbona hana mabawa. "Baba hakuwa rubani. Alikuwa hapo chini."

Huyo askari hayuko kwenye vidio yangu.

Skrini ya simu imesimama, ndege imelala. Nilitaka mabawa yaonekane yote. Nikapandisha kamera, na pale chini palipobaki ndipo huwa naweka maandishi makubwa ya njano. Maandishi yangu yalimfunika. Laki mbili na nusu mmeangalia ile vidio na hakuna hata mmoja amewahi kumwona, kwa hivyo sina haki ya kuwakasirikia sana. Lakini nina haki kidogo, kwa sababu wengine wenu mlikuja mkaiona kwa macho.

Baada ya vidio kutembea, mzee aliitwa kwa maonyesho fulani. Sitaji ya nani, sitaji ya wapi. Tuliibeba kwa matatu, ndege imefungwa kwa shuka mbili juu ya mapaja yetu, kondakta anauliza mabawa yanalipa viti vingapi. Tulilipa viti vinne. Kufika, wanatuweka kwa hema la uvumbuzi wa vijana. Uvumbuzi wa vijana! Mzee wa sabini na kitu, katikati ya msichana wa mashine ya kukoboa mahindi na kijana wa taa ya jua. Hawa walikuwa wazuri, sina neno nao. Waamuzi wakaja na karatasi zao. Swali la kwanza, kweli kabisa: "Inapaa?" Hapana. "Itapaa lini?" Haitapaa. "Sasa inatatua shida gani ya jamii?" Mzee akasema ni ya kuangalia. Mwamuzi akarudia polepole, vile mtu anaongea na kiziwi: "Lakini mzee, inasaidia nani?" Mwingine akauliza kama inaweza kuongezewa droni ibebe dawa. Wakampa alama 11 kwa 50.

Halafu akaja mheshimiwa na watu wake. Mheshimiwa alitaka picha. Akaishika ndege kwa bawa. Usishike modeli kwa bawa, hata mtoto ukimwambia mara moja anaelewa, unashika tumbo. Mzee alinyoosha mikono lakini walinzi walikuwa katikati. Nikasikia mianzi ikisema ka! Picha ikapigwa, ahadi ikatolewa, sitairudia kwa sababu hata yeye hawezi kuirudia. Na kwa sababu meza ilihitaji nafasi ya chupa za maji za wageni, mtu alikuwa ameondoa "ile sanamu ndogo". Tulitafuta askari mpaka jioni, chini ya meza, kwa takataka, kwa hema la jirani. Hayupo mpaka leo.

Turudi kwa hili swali, sasa mjue kwa nini silitaki tena.

"Inapaa?" inaonekana swali la kawaida. Lakini angalia linaulizwa nani. Mwaka 1953 kampuni ya Airfix huko Uingereza ilitoa Spitfire ya plastiki ya kuunganisha, kipimo cha 1:72, mabawa hayafiki hata sentimita kumi na sita. Tangu hapo wanaume wa Ulaya, Marekani na Japani wameunganisha mamilioni ya hizo plastiki. Wana vilabu, wana mashindano, wana majarida yanayobishana kuhusu kijani gani kilikuwa kijani. Mzungu mstaafu akimaliza Hurricane yake, iliyotoka kiwandani ikiwa imekatwa tayari, anaiweka kabatini na hakuna mtu anamuuliza kama inapaa. Inaitwa burudani. Inaitwa historia. Mzee wa Bungoma ameichonga kutoka kwa mwanzi na kopo, hakununua hata kipande kimoja kilichokatwa na mashine, na yeye ndiye lazima ipae. Isipopaa ameshindwa. Ameshindwa mtihani ambao hakuandika jina.

Sisemi hakuna wanaotaka kupaa. Gabriel Nderitu wa Nyeri, yule mtaalamu wa kompyuta, yeye anaunda ndege anayotaka imwinue kutoka chini. Huyo muulize inapaa, ni swali lake halali, na namheshimu kwa kuendelea kulijibu hadharani wakati nchi nzima inamsubiri aanguke tucheke. Huko Kampala Chris Nsamba alianza kuunda yake uani kwa mamake. Sawa. Lakini kuna mwashi anayejenga nyumba na kuna mtu anayechora nyumba, na hakuna mtu mwenye akili anajaribu kulala kwenye picha.

Na nyinyi wa "serikali imsaidie", nawaomba kwa heshima mnyamaze kidogo. Mnasaidia nini? Mnaandika hivyo, mnajisikia vizuri, mnasonga. Mzee hakuomba serikali. Aliomba mtu asimame mbele ya kazi yake dakika tano. Ukisema "apewe skolaship" kwa mtu wa sabini na kitu, hata hukuangalia uso wake.

Kuna kundi moja ambalo siwezi kulitupa hivi hivi, na ndio nimelala nikiwafikiria. Hawa walisema: mbona tunasherehekea ndege ya mkoloni? Jeshi hilo la anga la Uingereza, miaka ya hamsini, Harvard na Lincoln zake zilidondosha mabomu Nyandarua na Mlima Kenya juu ya watu wetu. General China huyo huyo aliyekuwa Burma upande wao alikuwa msituni sasa. Na hapa kwetu magharibi: askari wamerudi 1945, na tarehe 10 Februari 1948 polisi wakafyatulia wafuasi wa Dini ya Msambwa risasi pale Malakisi, watu 11 wakafa. Ukija Trans Nzoia ninakoishi, baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919, maofisa wa Kizungu waligawiwa mashamba kama shukrani, na hii ardhi nyekundu ya Kitale ilikuwa kwa hayo mashamba. Mtu wa KAR alirudi na kofia na medali. Babake mzee alirudi akaajiriwa kulima mahindi ya mtu aliyekuwa vita hivyo hivyo na yeye.

Kwa hivyo ndiyo, ni ndege ya mkoloni. Sibishani. Mngekuwa mmeona modeli nzima mngejua hata mzee habishani. Ndege iko juu, ya gharama, imepakwa vizuri, na mtu wetu yuko kwa matope ameshika kofia. Hajapiga saluti. Hatabasamu pia, nilimwangalia uso kwa karibu kabla apotee. Anaangalia tu, kama mtu anayetaka kujua hicho kitu kinaenda kumpiga nani. Hasira yenu mlikuwa nayo sahihi, na mimi ndiye nilikata sehemu iliyokuwa inawajibu.

Sasa nafanya nini, mbali na kupiga kelele?

Kwanza nimebadilisha kichwa cha ile vidio. Sai inasema "modeli", na nimeongeza picha ya askari niliyoipiga siku ya kwanza, ile ambayo sikuitumia. Watu wameacha kuiangalia. Ilishuka kama jiwe kisimani. Haidhuru.

Pili, nataka iwekwe mahali. Kitale tuna makumbusho mazuri kuliko mnavyojua, wengi wenu mlienda na shule mkaona nyoka mkarudi. Ilianza na mkusanyo wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mwanajeshi wa Kiingereza aliyekaa hapa akikusanya vipepeo, wadudu, ndege wa manyoya na vitabu kuanzia miaka ya ishirini. Akafariki 1966 akaiachia nchi, na 1974 ikafunguliwa kama makumbusho ya umma. Nimesimama mbele ya hizo kabati mara nyingi. Hakuna mtu, hata mmoja, nimewahi kumsikia akiuliza kama wale vipepeo wanapaa. Wamepigwa pini, wameandikiwa jina, watoto wanasogeza pua kwa kioo na kunyamaza. Hicho ndicho nataka kwa mzee. Kioo, jina, na mtoto amenyamaza. Barua nimeiandika, inaenda wiki hii. Kama si hapo, maktaba, ukumbi wa shule, hata ukumbi wa kanisa Bungoma, mradi kuna mlango unaofungwa na hakuna mheshimiwa wa kushika bawa.

Lebo mzee ameshaandika mwenyewe, kwa Kiswahili na Kibukusu, na amekataa nisiiguse. Ya Kiswahili inasema: "Hurricane na askari wa KAR, Bonde la Kabaw, 1944. Moja kwa kumi." Nilitaka kuongeza kwamba imetengenezwa na mianzi na makopo. Akasema atakayetaka kujua atainama aangalie.

Bawa limerekebishwa. Nilienda Jumapili, mulembe mulembe, chai, nikakuta anapaka koti la mwisho la bluu. Kinachobaki ni askari. Anachonga mwingine, lakini hataki kumchonga kwa kukumbuka ule wa kwanza, anasema ule wa kwanza ulikuwa na makosa: hakuwa na uhakika wa mkoba wa mgongoni na jinsi kofia ilivyokunjwa ukingo. Na hataki nimtolee picha mtandaoni, anataka watu wa huku.

Kwa hivyo kama kwa boma lenu, Kimilili, Webuye, Sirisia, Kiminini, Endebess, popote, kuna picha ya babu yenu akiwa na sare ya KAR, hata kama imeliwa na mchwa upande mmoja, ipige na simu pale kwa mwanga wa dirisha, usitumie flashi, unitumie. Andika alikuwa batalioni gani kama mnajua. Piga mwili wote, tafadhali, mpaka viatu. Usikate chini.